Bawabu Aliyetandika Baiskeli Kila Ijumaa

Mtu anayetangaza kila wiki kwamba anaondoka, je, anaomba njia au anaomba azuiwe? Nimelizungusha swali hili kichwani nikiwa nyuma ya usukani, nikiwa nimejilaza katika chumba changu kidogo nyuma ya nyumba ya bosi, hata nikiwa nimesimama kwenye safu ya swala, ambako si mahali pake, na jibu sijalipata. Mtu mmoja tu angeweza kunijibu, naye angecheka kwanza, akaniita mla vichwa vya mbwa, kisha akaniuliza kama nimekwisha kula.

Alikuwa bawabu wa jengo la ghorofa tano katika mtaa wa Rawdah, hapa Jeddah, mkabala na nyumba ninayofanyia kazi ya udereva. Jina lake lilikuwamo kwenye ikama yake, kibali cha ukaazi, na sote tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wapangaji walimwita haris, kama mabawabu wote wa mji huu wanavyoitwa. Sisi tulimwita Naba, yaani mtawala kwa lugha ya Wamosi, watu wa kwao Burkina Faso, kwa sababu siku ya kwanza alituagiza tumwite hivyo, na haikuwa rahisi kubishana na mzee aliyeketi juu ya kiti cha plastiki kana kwamba babu zake walikichonga.

Ninaposema sisi, nina maana ya watu watatu. Wa kwanza ni mimi, mtu wa Tanga, niliyesoma historia chuo kikuu na kuifundisha miaka michache kabla ya kuja huku kuendesha gari la watu wengine. Wa pili ni Naomi, mwanamke wa Kakamega, anayefanya kazi za ndani katika nyumba hiyohiyo ya bosi wangu, na ambaye madam, mke wa bosi, humpa saa moja kila Ijumaa asubuhi ya kutoka nje na kuwa mtu. Wa tatu ni Mbengali mwenye bakala, duka dogo la vyakula, la pembeni, mnene, mpole, asiyesema mengi. Na bawabu tulizungumza Kiarabu cha kazini, kile kisicho na sarufi lakini kinachofungua kila lango. Hapa nakiandika kwa Kiswahili, na nakiri kwamba nimekivalisha nguo nzuri kuliko zake.

Nianze na Ijumaa, maana bila Ijumaa mtu huyu haeleweki.

Kila Ijumaa, saa nne asubuhi, alitoka katika chumba chake cha chini ya ngazi akiwa amevaa joho jekundu. Lilikuwa zamani pazia la mpangaji wa ghorofa ya tatu, lakini alilishona mwenyewe na likamkaa. Ukutani aliegemeza baiskeli ambayo tangu niijue haikuwa na upepo katika gurudumu lolote. Aliisugua kwa sabuni, akaifuta, kisha akaweka juu yake tandiko la farasi: tandiko la kweli, la ngozi, lenye vishada vyekundu na mkanda wa tumboni. Kando ya baiskeli alisimamisha sanduku la nguo. Halafu aliketi, akanyamaza, akatazama magharibi, iliko bahari, na ng'ambo ya bahari Afrika.

Hapo kazi yetu ilianza. Tulimwendea mmoja mmoja, tukainama, tukamwomba asiende. Naomi ndiye aliyekuwa hodari zaidi. "Naba, ukienda ni nani atanisalimia? Hii nyumba yetu watu wanasalimia paka, mimi wananipita." Mbengali alisema neno moja tu, "Mafi ruuh," usiende, akarudi nyuma. Bawabu hakujibu. Mfalme aliyevaa nyekundu hasemi. Mwisho nilifuata mimi, kwa cheo changu cha Widi Naba, mkuu wa farasi, nilichopewa kwa sababu ninaendesha gari. Nililegeza mkanda, nikalivua tandiko, nikaizungusha baiskeli mara moja mbele ya lango. Papo hapo Mbengali aliangusha mlango wa bati wa duka lake kwa kishindo kilichowaamsha wapangaji wote hadi ghorofa ya tano, na huo ndio uliokuwa mzinga wa mfalme. Bawabu aliinuka, akaingia ndani, akarudi amevaa kanzu nyeupe, akatugawia tende na kahawa chungu. Waislamu tukaenda msikitini. Naomi akarudi jikoni.

Usidhani aliyabuni haya. Huko Wagadugu, mbele ya ikulu ya Moro Naba, mfalme mkuu wa Wamosi, jambo hili hufanyika kila Ijumaa, kwa farasi wa kweli, mzinga wa kweli na mawaziri wa kweli. Nilipokuwa chuoni, falme za Wamosi zilipata nusu ukurasa katika daftari langu: wapanda farasi, utawala wenye ngazi, falme zilizodumu karne nyingi. Kuhusu farasi anayetandikwa ili avuliwe tandiko sikufundishwa chochote.

Bawabu ndiye aliyenieleza asili yake. Mfalme mmoja alikuwa na mke aliyempenda kuliko wengine. Mke aliomba ruhusa akawatembelee wazazi wake, akapewa siku, siku zikapita, hakurudi. Mfalme akavaa nguo nyekundu za vita, akatandika farasi, akapanda ili amfuate. Mawaziri wakamwangukia: maadui wako mpakani, ukitoka, ufalme utabaki bila kichwa. Mfalme akawatazama, akashuka, akaingia ndani, akavaa nyeupe. Tangu hapo kila Ijumaa anataka kwenda, na kila Ijumaa anazuiwa.

"Wasomi wengine," nilimwambia, nikijua namchokoza, "wanasema si mke. Wanasema ni kitu kitakatifu cha ufalme kilichoibwa na ndugu zake wa Yatenga, ufalme mwingine wa Wamosi."

"Waliosema hivyo ni watu wa Yatenga."

"Wameandika vitabu."

"Mwizi mwenye kalamu si mwizi tena?" Akatafuna kokwa yake ya kola polepole. "Wote mnabishana juu ya farasi na mpaka. Hakuna hata mmoja wenu anayeuliza yule mke alisubiri mpaka lini."

Nililichukulia kuwa mzaha. Aliyasema mengi kwa sauti hiyohiyo.

Cheo changu cha pili kilikuwa cha aibu zaidi. Wamosi wana watani wao, Wasamo, majirani ambao wana haki ya kuwatukana, na wao kuwatukana, msibani, sokoni, hata mbele ya hakimu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Bawabu alikuwa ameishi miaka mingi Saudia bila kumwona Msamo hata mmoja, na hali hiyo ilimtesa. Alilalamika kwamba alikuwa ameheshimiwa kupita kiasi na ngozi yake ilikuwa imeanza kuwasha. Siku moja alinikazia macho, akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Wewe utatosha. Kuanzia leo ni Msamo wangu. Mtumwa wa babu yangu, mla vichwa vya mbwa."

"Astaghfirullah," nikasema. "Mimi ni Mwislamu wa Tanga."

"Mbwa wa Tanga wana vichwa vikubwa?"

Ningeweza kukasirika. Lakini nilikulia katika nyumba ya bibi ambaye watani wake walikuja matangani wakaingia ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, wakajinyoosha humo, wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo, na bibi yangu, aliyekuwa akilia, akacheka huku machozi yakimtoka. Kwa hiyo nilijua nilichopewa. Nikamjibu kwamba babu yake ndiye aliyekuwa mtumwa wetu, tukamfukuza kwa sababu alikula mbegu badala ya kuzipanda. Aliangua kicheko, akalia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Toka siku hiyo hatukusalimiana bila tusi.

Akanieleza kanuni moja ya jambo hili, na naomba msomaji aishike. Mtani akikutaka ufanye jambo kwa jina la utani, huwezi kumkatalia. Ugomvi ambao wazee wameshindwa kuuamua, mtani huumaliza kwa kumtukana kila mmoja na kuwaamuru wapeane mikono. Watapeana, hata kama hawataki. "Mfalme pia?" niliuliza. "Mfalme kwanza," alisema.

Tandiko lile lina habari yake. Nilimwona bawabu kwa mara ya kwanza Riyadh, kabla bosi hajahamia Jeddah, katika soko la zamani la Dirah, ambako alikuwa akiuza vitu vya kale katika duka la mtu mwingine. Nilikuwa nimempeleka mama mzaa madam, bibi mwenye macho makali, ambaye alilitaka tandiko hilo kwa ajili ya kupamba sebule. Bawabu alimwambia haliuzwi. Bibi akauliza kwa nini basi liko dukani. "Linapumzika," bawabu akajibu. Bibi akaniuliza mimi kama mtu huyu ana akili timamu. Nilisema sijui, nami nilikuwa mkweli. Miaka michache baadaye nilimkuta huku Rawdah, yeye na tandiko lake, wala hakunisalimu kama mgeni. "Yule bibi bado anataka kumpanda nani?" aliuliza.

Nitasema sasa jambo ambalo hakupenda lisemwe. Huyu mtu wa farasi aliwaogopa farasi. Mwana wa mwenye jengo alileta siku moja farasi wake kwenye gari la kukokota, akasimama mbele ya lango, na bawabu akakumbuka ghafla kwamba tangi la maji la juu ya paa lilihitaji kuangaliwa. Alikaa juu ya paa mpaka farasi alipoondoka. Nilipanda kumwambia hatari imekwisha.

"Nilikuwa namchunguza kutoka juu," alisema. "Farasi mzuri huonekana mgongo."

"Umewahi kupanda hata mmoja?"

"Msamo, kwetu kuna watu wa kupanda na watu wa kukumbuka."

Kukumbuka alikumbuka. Kwa Wamosi majina ya wafalme huhifadhiwa kwa ngoma. Mpiga ngoma huyataja kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, na akikosea jina moja ni balaa. Bawabu hakuwa na ngoma. Alikuwa na kopo kubwa la samli. Kwa hilo alipiga nasaba ya wapangaji. Ghorofa ya pili, mlango wa kulia: kwanza Msudani mwenye kikohozi, akafuatwa na maharusi waliogombana, wakafuatwa na daktari ambaye hakuzima taa, akafuatwa na huyu wa sasa, mwenye kupaki vibaya. Kila mmoja alikuwa na mdundo wake. Wa sasa alipita akasikia mdundo wake na hakujua kuwa ni yeye, na Naomi alilazimika kujificha nyuma ya pipa la taka ili acheke.

Vilevile alishikilia kwamba kuna mamlaka mbili duniani na watu huzichanganya. Mfalme ana watu; ardhi ina mwenyewe mwingine. Wamosi walipofika na farasi wao waliwakuta wenyeji, wakachukua utawala, lakini ardhi waliwaachia wenye kuijua, na mpaka leo mtawala akitaka kitu cha ardhi humwendea bwana wa ardhi. Katika jengo lile, alisema, mwenye jengo ndiye naba wa kweli, na yeye bawabu ni bwana wa ardhi. (Ijumaa alibadilisha, akawa naba. Nilipomwonyesha kwamba maneno yake yanapingana, aliniambia historia ndivyo ilivyo.) Mafundi walipokuja kuchimba bomba, aliwasimamisha mpaka kila mmoja aisalimu ile kona. Kwa kuwa alikuwa Mwislamu mwenye msimamo, hakutaka kuku wala damu. Salamu tu ilitosha. Msimamizi wao, kijana wa Kimisri, alipiga kelele: "Halas, ya hagg, basi mzee, tuna kazi!" Bawabu akakaa juu ya shimo. Mwishowe wanaume wanne wenye sururu walisema "salaam alaykum" kwa lami, naye akawapisha.

Alipenda kutukumbusha pia kwamba Wamosi wote wametokana na mtu aliyetoroka. Binti wa mfalme, mpiganaji, ambaye baba yake hakutaka aolewe kwa kuwa alimhitaji vitani. Binti akapanda shamba, likastawi, akaliacha lioze. Baba akashangaa. Binti akasema: ndivyo unavyonifanya. Baba hakuelewa, na binti akaruka juu ya farasi dume, akaenda zake, akapotelea mwituni, akampata mwindaji, akazaa mtoto waliyemwita Farasi Dume, na kutoka kwa huyo zikazaliwa falme.

"Hebu ona," alisema. "Tulianza na mwanamke ambaye hakuna aliyeweza kumzuia. Tukaishia na mfalme ambaye kila mtu anamzuia."

"Na wewe uko upande gani?" aliuliza Naomi.

"Mimi niko langoni."

Naomi hucheka mpaka leo kwa jibu hilo, ila kicheko kimebadilika. Nami lazima niseme kwamba bawabu alinichoma hapohapo. Kila Ramadhani mimi husema hii ndiyo ya mwisho, mwakani niko Tanga, nitarudi darasani. "Msamo huyu," alimwambia Naomi, "husema anaondoka akiwa amelala chali. Angalau mimi natandika."

Sasa nilieleze kosa letu.

Ilikuwa Ijumaa kama nyingine zote, isipokuwa Naomi alikuwa na wiki mbaya. Madam alikuwa amemnyang'anya simu kwa siku tatu, naye Naomi akayahifadhi machozi yote mpaka ile saa yake moja. Alipomwendea bawabu kumwomba asiondoke, alimwomba kwa machozi yaliyokuwa na sababu nyingine. "Naba, usituache. Aki, usituache." Nilipomwona analia, nami nikaongeza juhudi, nikavua tandiko kwa namna ambayo waziri yeyote wa Wagadugu asingeweza kunishinda. Bawabu alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Alitazama sanduku lake. Kisha akaingia ndani akarudi amevaa nyeupe, na tende siku hiyo zilikuwa nzuri sana.

Kesho yake adhuhuri, mwenye jengo alifika. Aliposhuka garini akamwona bawabu kwenye kiti, alishika kichwa.

"Haris! Bado uko hapa?"

Tulikuwa tumesimama karibu, mimi na Mbengali, tukayasikia yote. Bawabu mwenyewe ndiye aliyekwenda kwake, mwezi mmoja kabla, akaomba arudi kwao moja kwa moja. Mwenye jengo, mtu mwema ingawa ana haraka, alimtengenezea ile ruhusa ya kuondoka bila kurudi ambayo huku sote tunaiita khuruji, na tiketi ya Ijumaa mchana. Ndege iliondoka. Bawabu alikuwa akigawa tende.

Ijumaa iliyofuata, Naomi alipoambiwa, alimvamia kabla hajavaa joho.

"Naba, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Ati ningesema nini! Kwamba uko na tiketi!"

"Aliyevaa nyekundu hasemi. Mliomba. Nilishuka."

"Sisi tulikuwa tunacheza!"

Bawabu alimtazama kwa mshangao ambao mpaka sasa siwezi kuamua kama ulikuwa wa kweli. "Mimi nilikuwa nacheza lini?"

Kisha akavaa joho, akatandika baiskeli, akaketi, na sisi, Mungu atusamehe, tukamwomba abaki, kwa kuwa hatukujua la kufanya.

Nimesoma vitabu vingi juu ya mila, na vyote vinasema kwamba mila huwaunganisha watu. Hakuna kilichonieleza kwamba watu watatu waungwana, wasio na nia mbaya, wanaweza kumfunga mzee kwa adabu. Kwa upande mwingine, bawabu hakuwa mjinga. Angeweza kuchagua ndege ya Jumanne.

Hayo ni ya mwaka juzi. Mwaka huu, Alhamisi moja baada ya alasiri, nilikuwa naosha gari uani nikamwona ameingia kwenye lango letu. Nilishtuka. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akivuka barabara mchana wa kazi. Alikuja bila tusi, na hilo lilinitisha zaidi.

Alitoa simu, akanisikilizisha ujumbe wa sauti. Mwanamke mzee alikuwa akizungumza Kimosi, polepole, huku mwanamke mwingine akimkumbusha maneno. Sikuelewa hata neno moja. Nilielewa tu kwamba alikuwa akimwambia mtu jambo la kawaida.

"Mke wangu," alisema. "Na huyu ni binti yetu, anamshikia simu."

"Anasemaje?"

"Anasema, kama naja, nije sasa. Siku nyingine anamwita binti yetu kwa jina la dada yake aliyekufa. Anasema bado ananikumbuka, lakini hajui mpaka lini." Akaizima simu. "Tiketi ni kesho, saa nane mchana. Mwenye jengo amesema hatanitafutia nyingine."

"Bosi yuko safarini, gari liko kwangu. Nitakupeleka mwenyewe. Ila kesho usivae joho, Naba."

"Ni Ijumaa."

"Basi tusije. Toka tu, nitakuchukua hapo nyuma, kwenye uchochoro."

"Kama mwizi?"

"Kama abiria!"

"Msamo, nimelinda lango hili kwa miaka. Nitoke kwa uchochoro? Na mfalme asiye na mtu wa kumzuia ni mfalme wa nini?" Alijifuta uso kwa kilemba. "Mtakuja. Mtafanya kama mnavyofanya."

"Tukifanya kama tunavyofanya, utashuka."

"Mtafanya kama mnavyofanya," alirudia, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, na gari moja likampigia honi.

Nilikwenda kwenye dirisha la jikoni, Naomi alikokuwa akichambua mchele, nikamweleza. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Tukiomba, anashuka," nilisema. "Tukinyamaza, tumemdharau mbele ya mtaa mzima."

"Na hiyo nyamaza yenyewe mimi siwezi. Nikimwona na hilo pazia lake nitalia tu." Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Mwalimu, na wewe si uko na ile cheo ingine? Ile ya matusi?"

Nilimwelewa mara moja, na nikatamani nisingemwelewa. Kwa cheo cha mkuu wa farasi, wajibu wangu ni kuvua tandiko. Kwa cheo cha mtani, nina haki ya kumwamuru, naye hana haki ya kukataa. Hapo ndipo ugumu ulipo.

"Na kama hataki kwenda?" nilimuuliza Naomi.

"Na kama anataka?"

"Sitajua kamwe. Nikimwamuru, atakwenda hata kama hataki."

"Na tukimwomba atabaki hata kama hataki." Alinyanyua ungo, akapepeta. "Basi chagua wewe ni yupi utamkosea. Yeye, ama huyo mama wa kwa simu."

Madam akamwita kutoka ndani. Nami nikarudi kwenye gari, nikaliosha mara ya pili.

Ijumaa, saa nne asubuhi, alitoka na joho lake jekundu. Baiskeli ilikuwa imesuguliwa, tandiko limekazwa, sanduku limesimama. Aliketi akatazama magharibi. Naomi alimwendea wa kwanza, akainama, akalia kama alivyosema atalia, akamwambia, "Naba, ukienda ni nani atanisalimia?" na hakuongeza neno. Mbengali akasema lake moja, akarudi dukani, akashika mlango wa bati, akanisubiri.

Nilikwenda kwenye baiskeli. Niliushika mkanda wa tumboni, na bawabu, ambaye kwa kawaida hamtazami mtu, alinitazama mkono. Nikauachia. Nikasimama wima mbele yake, jambo ambalo waziri hafanyi, nikapaaza sauti mpaka dirisha la ghorofa ya pili likafunguka.

"Wewe Mmosi! Mwoga wa farasi! Mtumwa wa babu yangu, mwongo wa kila Ijumaa! Umekaa langoni mwa watu mpaka kiti kimekuchoka! Mimi Msamo wako, mla vichwa vya mbwa, nakuamuru: inuka, uende kwa mkeo!"

Uso wa bawabu haukubadilika. Niliona tu kidevu kikitetemeka, na kwa jina la Mungu sijui kama kilitetemeka kwa kicheko au kwa kitu kingine. Aliinuka. Alitazama mlango wa chumba chake, ambako kanzu nyeupe ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Kisha akalishika sanduku, akapita mbele yangu, akaenda kwenye gari akiwa na joho lake jekundu, na alipofika mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Mla mbwa," akaketi.

Naomi alimfungia mlango. Nilimpa Mbengali ishara, akauangusha mlango wa bati, na kishindo kikaenda mpaka mwisho wa barabara. Nikawasha gari. Baiskeli niliiacha ukutani, ikiwa imetandikwa.